Kuku si Achari

Mwaka jana niliziba.
Niliziba kwa turubai, kwa magunia ya mchele,
kwa vibao vya paleti nilivyovibeba kutoka bandarini
vyenye chapa za nchi nisizopata kuziona.
Hata tundu la msumari nililijaza nta.
Nikasema: kipupwe hiki hakitanionea kuku.

Baridi ya Mtongwe si ya kutaja mbele ya mtu wa Limuru,
atakucheka.
Lakini kusi ikivuma usiku
juu ya mvua ya siku tatu,
jogoo hujikunja akawa kama ngumi.

Asubuhi nilifungua mlango,
harufu ikanipiga machoni kama kitunguu kilichokatwa.
Bati lilikuwa likitoa jasho kwa ndani,
tone, tone, juu ya migongo yao.
Waliketi midomo wazi,
wakikoroma kama watoto wenye pumu.
Saba niliwazika nyuma ya mpapai, juma moja.

Mwanatumu, auzaye mayai ya kuchemsha kivukoni,
akachungulia juu ya ua, leso kaifunga kifuani:
"Athumani, wafukia kuku
au wapanda mihogo?"
Nikamweleza. Akaguna.
"Waziba, waziba. Hao ni kuku, si achari.
Baridi, manyoya yao yaijua.
Unyevu hawauwezi. Wape pa kutolea pumzi,
huko juu. Usiwapulize matakoni."

Mwaka huu nimeanza Mei, mvua ikipumzika.
Upande wa kusi nimegonga mbao,
moja imekanyaga nyingine, hadi kimo cha kifua.
Chini ya upenu nimeacha shubiri moja wazi,
huku na huku,
nikatia wavu wa matundu madogo
kwa ajili ya nguchiro, na paka wa Mwanatumu
ambaye hafundishiki.
Ukingo wa bati nimeurefusha kwa makuti
mvua isiingize ulimi.
Fito za kulalia nimezishusha.
Maranda nimeyafuata Shika Adabu, kwa fundi Kalume,
magunia matatu, makavu, yananukia mvule;
akanidai shilingi hamsini na trei moja ya mayai
ambayo hayajatagwa.

Jana usiku niliingia mwenyewe, nikachutama,
nikawasha mshumaa.
Usawa wa fito, mwali ulisimama wima kama alifu.
Nikauinua hadi upenuni: ukainama,
ukatetema, ukaonyesha njia ya kutokea.
Nikacheka peke yangu,
mzee mzima kwenye mavi ya kuku.

Nikarudi ndani na mshumaa wangu.
Chumba changu kina dirisha moja.
Tangu Mwanasiti alipotangulia
nimelipiga misumari mitatu,
sikutaka sauti za kichochoroni
zikiniuliza hali.
Mashati yangu yananuka uvundo. Nimesingizia masika,
nimesingizia sabuni, nimemsingizia dobi.
Ukutani, pale kichwa cha kitanda kinapogusa,
chokaa imeota ukungu wa kijani
na mimi kila asubuhi nakohoa
namwambia Mwanatumu ni vumbi la maranda.

Nilisimama katikati ya chumba.
Nikaushusha mshumaa, nikauinua
hadi dari, nikaupeleka pembe zote nne.
Mwali wima.
Alifu.

Nikatafuta nyundo.
Msumari wa kwanza ulitoka kwa kelele, mbwa wakabweka
hadi kwa akina Shufaa.
Wa pili umeliwa na kutu,
nimeutilia mafuta ya taa, tutaonana kesho.
Wa tatu sijaugusa.

Kisha mvua ikaanza tena,
nikatoka na gunia kichwani nikawahesabu:
kumi na mmoja, vichwa mbawani,
migongo mikavu.
Jogoo akafungua jicho moja
akanitazama
kama mtu aliyeingiliwa chumbani bila hodi.